Pazia Lilipofungwa, Mariamu Alikuwa Bado Ameketi

Neno la juma hili: Mathayo 27:57–61, Yohana 19:41, Yohana 20:11–18

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Niliwahi kuwa Yuda. Ilikuwa igizo la Ijumaa Kuu, nikiwa kijana wa kwaya, na siku ya kugawana nafasi nilichelewa kufika. Petro aligombewa na watatu. Yesu alipewa yule mrefu mwenye ndevu, kama ilivyo ada. Nilipoingia, kila mtu alikwisha kupata pake, amebaki Iskariote tu, na mwalimu wa kwaya akaninyoshea kidole hata kabla sijakaa. Vile vipande thelathini vya fedha vilikuwa vizibo vya soda ndani ya soksi. Nilipovitupa mbele ya madhabahu vikabingirika mpaka chini ya mabenchi, watoto wakavikimbilia, na kanisa zima likacheka mahali ambapo tulitaka lilie. Ibada ilipokwisha, bibi mmoja alikataa kunipa mkono mlangoni. Alikuwa akitabasamu, lakini mkono hakutoa.

Nimemkumbuka bibi yule kwa sababu ya swali la kijana mmoja wa kikundi chetu. Ameangalia filamu ya zamani, Jesus Christ Superstar, kisha akaniuliza faragha: je, nimetenda dhambi? Sikutaka kumjibu kwa haraka. Nimekaa nayo wiki nzima, nikaisikiliza yote tangu mwanzo, Biblia ikiwa wazi mezani.

Kwa wasioijua, hii ni hadithi ya siku za mwisho za Bwana wetu iliyoimbwa yote kwa muziki wa roki, magitaa na ngoma pamoja na okestra. Walioitunga ni vijana wawili Waingereza. Andrew Lloyd Webber, mwenye muziki, alikuwa na miaka 22, na Tim Rice, mwenye maneno, 25, walipoirekodi mwaka 1970. Walianza na santuri, si jukwaa, maana hapakuwa na mfadhili wa kusimamisha kitu cha namna ile ukumbini. Yesu aliimbwa na Ian Gillan wa bendi ya Deep Purple, Yuda na Murray Head, Mariamu Magdalene na Yvonne Elliman. Mwaka uliofuata santuri ile ilishika nafasi ya kwanza Marekani, na tarehe 12 Oktoba 1971 igizo lenyewe likafunguliwa Broadway, New York, katika ukumbi wa Mark Hellinger. London nako lilikaa jukwaani tangu 1972 hadi 1980. Filamu ilitoka 1973, ikapigwa Israeli, jangwani na kwenye magofu.

Siku ya kufunguliwa New York, watu walisimama nje na mabango. Wakristo walilalamika kwamba Yuda amekuzwa, Yesu ameshushwa akawa mtu tu, na ufufuo haumo. Wayahudi nao walikuwa na malalamiko yao, na hayo tusiyapite mbio: waliogopa kwamba makuhani wa igizo lile wataamsha tena chuki ya kale ya kuwatwika Wayahudi wote damu ya Yesu. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, Ijumaa Kuu ilikuwa siku ya Wayahudi kujifungia ndani, wakiwahofu watu waliotoka kusikiliza habari za msalaba. Sisi tunaoigiza mateso kila mwaka tuwe nalo hilo kichwani tunapomchagua wa kuwa Kayafa na kumwambia akunje uso.

Nianze na Yuda, kwa kuwa igizo nalo linaanza naye. Anaimba peke yake. Anasema mambo yamekuwa makubwa mno, watu wamempandisha Yesu kuliko inavyofaa, na Warumi wakiona hivyo watatuponda sote. Ni wimbo mkali, na hoja yake ina akili. Nilikuwa karibu kumwonea huruma, mpaka nikakumbuka kwamba maneno yale nimeyasoma mahali. Yohana 11:48: "Tukimwacha hivi, watu wote watamwamini, na Warumi watakuja, watatuondolea mahali petu na taifa letu." Lakini katika Injili msemaji si Yuda. Ni wakuu wa makuhani na Mafarisayo wakiwa barazani. Watunzi wameichukua hofu ya baraza wakaitia kinywani mwa mwanafunzi, halafu wakamwondolea lile ambalo Yohana analisema bila kumung'unya, kwamba alikuwa mwivi, naye ndiye aliyeshika mfuko (12:6). Yuda wao hana tamaa, ana wasiwasi. Ni mtu wa msimamo.

Hapo sikubaliani nao. Hata hivyo sikuweza kuliweka swali lao kando, maana mwivi wa mfuko ni rahisi kumkataa. Mimi sijawahi kuiba sadaka. Lakini mtu anayekaa karibu na Yesu huku akipiga hesabu ya hatari, anayeona kuwa mambo ya Mungu yamezidi kipimo na sasa yatatuharibia, huyo namfahamu vizuri. Nimeketi naye vikaoni. Pengine alikuwa amekalia kiti changu.

Mathayo ana jambo dogo ambalo nimelipita miaka mingi. Mezani, Yesu aliposema mmoja wao atamsaliti, wale wengine wakaanza kumwuliza mmoja mmoja, "Ni mimi, Bwana?" Yuda akauliza pia, ila yeye alisema, "Ni mimi, Rabi?" (26:25). Na kule bustanini kabla ya kumbusu alisema tena, "Salamu, Rabi." Katika Mathayo, Yuda hamwiti Yesu Bwana hata mara moja. Mwalimu, ndiyo. Anamheshimu. Na huyo ndiye Yesu wa Yuda wa kwenye igizo: mwalimu mzuri aliyepotezwa na wafuasi wake. Sijui kama Tim Rice alikusudia, lakini amemsikia Yuda vizuri kuliko wahubiri wengi.

Nilikuwa nimeazimia kuishia hapo, Rabi upande huu na Bwana upande ule, somo limekwisha. Yohana 20 ikanikatalia. Nitafika.

Kwanza Gethsemane, maana wengi wanakwazwa hapo. Yesu wa igizo anapanda sauti mpaka inakuwa kilio kitupu. Anamwuliza Baba kwa nini afe, anataka aonyeshwe kwamba kifo chake hakitapotea bure, anasema amechoka. Kijana aliyeniuliza alisema pale ndipo alipotaka kuzima. Nikamwambia asome Waebrania 5:7, kwamba Bwana wetu katika siku za mwili wake alitoa maombi na dua "pamoja na kulia sana na machozi." Kulia sana. Sisi tumezoea picha ile ya ukutani, Yesu amepiga magoti kando ya jiwe laini, mwanga unamshukia, uso umetulia kama anayesubiri gari. Luka anasema hari yake ilikuwa kama matone ya damu yakidondoka nchini. Katika hili magitaa ya Waingereza wale yako karibu na Luka kuliko picha yetu.

Walipokosea ni penginepo. Yesu wao hajui anafia nini. Anauliza, hajibiwi, anakubali kama mtu aliyeshindwa mabishano. Yesu wa Injili aliingia bustanini akiwa amekwisha kusema mezani: hii ndiyo damu yangu ya agano, imwagikayo kwa ajili ya wengi kwa ondoleo la dhambi. Alijua. Hofu yake haikuwa ya mtu asiyejua, na kwangu mimi hiyo ndiyo hofu kubwa zaidi. Anayejua kina cha kisima anatetemeka kuliko anayechungulia gizani.

Sehemu ya kesi na mijeledi sitaikalia. Mapigo yanahesabiwa kwa sauti, moja hadi thelathini na tisa, na inatosha.

Basi, mwisho. Yesu anakufa, na hakuna mtu anayeimba tena. Kunabaki kipande cha muziki bila maneno, cha polepole, na igizo limekwisha. Hakuna malaika, hakuna jiwe lililoviringishwa. Kwenye filamu waigizaji wanarudi kwenye basi lililowaleta, mmoja mmoja, na yule aliyekuwa Yesu haonekani akipanda. Kisha jua linazama nyuma ya msalaba mtupu, na mchungaji na kondoo wake wanakatiza chini yake. Ndipo watu wa mabango waliposema: mmeona, wamemwacha kaburini.

Lakini kile kipande kisicho na maneno kina jina, na jina lake ni Yohana 19:41. Fungueni: "Na pale pale aliposulibiwa palikuwa na bustani, na ndani ya bustani mna kaburi jipya, ambalo hajatiwa bado mtu ye yote ndani yake."

Nimeusoma mstari huu kwenye mazishi mara ngapi sijui, nikiuona ni wa kutajia mahali tu. Yohana ndiye peke yake katika wainjili wanne anayesema pale palikuwa na bustani. Ndiye pia anayetuambia kwamba Yesu alikamatwa bustanini (18:1). Sasa anazikwa katika nyingine, na asubuhi ya tatu mwanamke atamwona amesimama pale, atadhani ni mtunza bustani. Anayekumbuka Mwanzo sura ya tatu anajua bustani ya kwanza ilifungwaje. Vijana wale walisema wazi kwamba hawakuwa wakiandika mahubiri. Hata hivyo, kati ya mistari yote ya kufungia pazia, wakaangukia ule ambao kila kitu ndani yake kinangoja: kaburi jipya, hajatiwa bado mtu. Mstari wenyewe hauna habari njema, ila umesimama mlangoni pake.

Na wanafunzi wenyewe walikaa hapo. Tunasahau. Sisi tunaimba "amefufuka" tukiwa bado na njaa ya mfungo wa Ijumaa. Wao walikuwa na Jumamosi nzima ambayo hawakujua kuwa ni Jumamosi ya kuamkia kitu. Hata Marko, katika nakala zake za kale kabisa, anaishia 16:8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini, hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa. Kanisa liliishi na mwisho ule pia.

Kinachonisikitisha katika igizo lile si Yuda. Ni Mariamu Magdalene. Wamempa wimbo unaojulikana kuliko nyimbo zote za santuri ile, wa mwanamke anayemwambia nafsi yake kwamba hajui ampende vipi mtu huyu, kwa kuwa hafanani na wanaume wengine aliowajua. (Kuhusu hao wanaume wengine, Injili haisemi lolote. Luka 8 inasema alitokwa na pepo saba na kwamba alikuwa kati ya wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Papa Gregori Mkuu ndiye aliyemchanganya na yule mwenye dhambi wa Luka 7, katika mahubiri ya mwaka 591, na doa hilo bado tunampaka akina mama wa watu wakisikiliza.) Wimbo ni mzuri, sikatai. Anauliza swali la kweli. Halafu pazia linafungwa kabla hajajibiwa, na jibu lilikuwa mlango wa pili tu.

Mathayo 27:61. Yusufu wa Arimathaya, aliyemzika, ameviringisha jiwe, amekwenda zake. "Na pale palikuwa na Mariamu Magdalene, na Mariamu wa pili, wameketi kulielekea kaburi." Wameketi. Wanaume wamekimbia, askari hawajaja, jua linazama. Hakuna la kufanya wala la kusema, na yeye haondoki.

Kisha Yohana 20. Anarudi kukiwa bado giza, analia. Anaulizwa unalilia nini, anajibu kama mtu aliyefiwa anavyojibu, nusu nusu: wamemwondoa Bwana wangu, wala sijui walikomweka. Anamwona Yesu, hamtambui. Anamwomba yule mtunza bustani amwonyeshe maiti aibebe mwenyewe! Mwanamke mmoja, na ratili zote zile kama mia za manukato ambazo Nikodemo alileta kwa maziko. Na Yesu hamweleweshi. Hamthibitishii kwa hoja wala hamkemei kwa kulia. Anasema neno moja: "Mariamu."

Akageuka akamwambia, "Raboni!" Mwalimu wangu.

Hapo ndipo somo langu la Rabi na Bwana lilipovunjika. Ni neno lilelile la Yuda. Limeongezwa tu "wangu", na limetamkwa na mtu aliyeitwa jina lake kwanza.

Ule ukumbi wa Mark Hellinger, ambamo igizo lilifunguliwa 1971 watu wakipinga nje, sasa ni kanisa. Usharika wa Times Square Church ulihamia humo mwaka 1989 ukaununua miaka miwili baadaye. Dari ni ileile yenye marembo, na jukwaa lipo palepale.

Kijana wangu nilimwambia hivi: ulipozima filamu ulikuwa umefika 19:41. Endelea kusoma kuanzia hapo, usiku wa Jumamosi, polepole, na ukifika 20:11 soma kwa sauti. Nanyi wapendwa nawaomba mfanye hivyo pamoja naye.

Yule bibi, mwaka ule, nilikutana naye tena mlangoni asubuhi ya Pasaka. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, nimejificha kidogo nyuma ya wenzangu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita kwa jina langu la ubatizo, akaniuliza kama nimekunywa chai.