Mawe ya Nyamwamba

Jana binti yangu alivuta mchoro mmoja kutoka nyuma ya kabati, akauliza, "Mama, huu mto mbona una mawe matupu?" Mwaka ule alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo hana namna ya kukumbuka. Nilimjibu kwa kifupi akaondoka zake, lakini mimi nilibaki na ule mchoro mkononi kwa muda mrefu.

Mvua za Mei 2020 zilipoufurisha mto Nyamwamba, sisi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, tulikuwa tayari tumefungiwa majumbani kwa sababu ya korona. Shule zilikuwa zimefungwa, magari ya abiria yamesimamishwa, na ikifika saa moja jioni hakuna ruhusa ya kuonekana nje. Mto ulishuka na mawe kutoka milima ya Ruwenzori, ukaingia hata katika hospitali ya Kilembe, ukabeba nyumba za watu tuliozoea kuamkiana nao kila asubuhi.

Rafiki yangu alikuwa ameniingiza katika kundi la WhatsApp la wachoraji wa rangi za maji, watu wa Kampala, Mombasa na Arusha, waliokuwa wakizungumza Kiswahili tupu. Wakati huo tulikuwa tungali tunalipa ile kodi ya serikali ya kutumia mitandao ya kijamii, shilingi 200 za Uganda kwa siku, na siku ambayo hela ilikwenda kwenye unga nilizima data nikachora peke yangu. Nilizitazama kazi za wenzangu bila kuonyesha yangu hata moja, kwa kuwa tangu shuleni kuchora kwangu kulikuwa jambo la kurasa za mwisho za daftari, la kufunika kwa kiganja mtu anapopita.

Maji yalipopungua nilishuka hadi ukingoni, nikakaa juu ya gogo lililoletwa na mafuriko. Mbele yangu mawe yalikuwa yamejaa mkondo mzima, mengine makubwa kupita gari, yameoshwa hata hayana kuvu. Katika rangi za maji weupe haupakwi. Ni karatasi yenyewe inayoachwa wazi, na ukishaifunika ni vigumu kuirudisha, kwa hiyo nilianza kwa kuamua ni wapi sitagusa kabisa. Kijivu cha mawe sikukitafuta katika rangi nyeusi, ambayo huyafanya yaonekane yamekufa. Nilichanganya bluu iliyokolea na kahawia yenye wekundu, nikazidisha bluu upande wa kivuli na kahawia upande unaopata mwanga. Kisha nililowesha karatasi na kugusa kwa ncha ya burashi pale jiwe la kushoto linapokutana na mchanga. Rangi ilienea yenyewe polepole, ikafifia kuelekea juu, ikajikusanya chini, na ghafla jiwe likawa na uzito. Niliinua mkono. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu utotoni.

Nyumbani niliupiga picha mlangoni, maana taa ya ndani hugeuza kila kitu kuwa manjano, nikautuma kundini kabla sijapata nafasi ya kughairi. Bwana mmoja wa Mombasa aliandika, "Dada, hilo jiwe la kushoto usiliguse tena. Limekaa." Mwalimu mmoja wa Kampala akashauri nikoleze vivuli ili mawe yajitenge na mchanga. Nami, niliyekuwa sijawahi kufungua mdomo mle, nilimjibu kwa heshima kwamba asubuhi ile jua lilikuwa nyuma ya mawingu, na kwamba vivuli nilivyoviona vilikuwa hafifu vivyo hivyo. Akasema, "Basi viache, wewe ndiye uliyekuwepo." Maneno hayo niliyasoma na kuyarudia hadi simu ikaishiwa chaji.

Tangu hapo nimechora mengi na kuyaonyesha bila kuogopa. Lakini mpaka leo sijui niiweke wapi furaha ile, iliyonijia juu ya mawe yaleyale yaliyowaacha majirani zangu wakihifadhiwa na jamaa zao. Siwezi kuikana, kwa kuwa ilinisimamisha. Wala sijapata kuisimulia mbele yao kwa ukamilifu.

Mama mmoja aliyepoteza nyumba aliuona mchoro huo baadaye. Nilitarajia angehuzunika, au angeniuliza nilipata wapi moyo wa kukaa pale na burashi. Badala yake aliniomba nimchoree nyumba yake, maana hakubaki na picha hata moja. Nimeianza kwa kufuata maelezo yake: bati, ngazi mbili, mparachichi ubavuni. Sijaimaliza, kwa sababu yeye anasema mlango ulikuwa wa kijani, na mwanawe anashikilia kuwa ulikuwa wa bluu.