Insha ya uhakiki ndani ya dakika 40: muda unapotelea wapi

Wengi wanaolalamika kwamba muda wa mtihani wa fasihi hautoshi hudhani tatizo ni mkono mzito. Mara nyingi sivyo. Mkono husimama kwa sababu mwandishi hajajua sentensi inayofuata inathibitisha nini, na hapo ndipo dakika zinapoyeyuka. Anayejua anachotaka kusema huandika bila kukimbia na bado humaliza.

Hata hivyo, kipimo cha mkono kina faida yake, hivyo anza nacho. Andika mfululizo kwa dakika 5 kuhusu kitabu unachokifahamu, hesabu maneno, kisha uzidishe kwa 5. Ukipata maneno 75, basi katika dakika 25 za kuandika una uwezo wa maneno 375 hivi. Hayo yanatosha utangulizi wa sentensi mbili au tatu, aya mbili zilizoshiba na hitimisho fupi. Hayatoshi hoja tano. Mtu asiyejua kipimo chake hupanga hoja tano, akaandika mbili vizuri, ya tatu akairukia, na mbili zilizobaki zikawa sentensi mojamoja zisizo na ushahidi.

Kwa dakika 40, tenga 10 za kusoma na kupanga, 25 za kuandika na 5 za kupitia. Ukipewa saa nzima, shika uwiano uleule: robo ya muda ipite kabla hujaandika utangulizi. Robo hiyo inatisha, hasa ukisikia wenzako wanafunua ukurasa wa pili. Ivumilie.

Soma swali kabla ya matini, yaani kifungu au shairi ulilopewa. Tuseme limeandikwa hivi: “Eleza jinsi mwandishi anavyoonyesha upweke wa mhusika.” Kuna madai mawili hapo: upweke, ambao ni maudhui (kinachosemwa), na “jinsi”, ambayo ni fani (namna kinavyosemwa). Wengi hujibu la kwanza tu. Wanathibitisha kwa kurasa mbili kwamba mhusika ni mpweke, jambo ambalo swali limekwisha kuwaambia. Pigia mstari neno “jinsi” na uliandike tena pembeni mwa mpango wako.

Kisha soma matini mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, ujue nani yuko wapi na nini kinatokea. Mara ya pili tafuta mahali panapogeuka. Katika nathari (maandishi yasiyo ya kishairi), mgeuko hujificha kwenye “lakini”, kwenye badiliko la njeo (wakati wa kitenzi) au la nafsi (mimi, wewe, yeye), au pale sentensi ndefu zinapokatika ghafla zikawa fupi. Katika soneti (shairi la mishororo 14) ya Kiitalia, angalia mshororo wa 9. Katika ile ya Kiingereza, mishororo miwili ya mwisho. Katika tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) yenye kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa mwishoni mwa beti, angalia kama ubeti wa mwisho unakirudia vilevile au umekibadilisha, na kama umekirudia, jiulize kama bado kina maana ileile baada ya yote yaliyosemwa kabla yake. Ukiupata mgeuko, umeshapata zaidi ya nusu ya insha, maana karibu kila hoja nzuri inaeleza kwa nini matini inaanza hivi na kuishia vile.

Tutumie kifungu kifupi kilichobuniwa kwa ajili ya zoezi hili: “Alifunga mlango. Alifunga dirisha. Alifunga pazia. Kisha akaketi karibu na mlango, akitega sikio.”

Hii ndiyo sentensi inayojaza daftari nyingi: “Mwandishi ametumia takriri ya neno ‘alifunga’ ili kusisitiza upweke.” Takriri ni kurudia neno kwa makusudi. Si kosa, ila sentensi hiyo haijachambua chochote. Kila takriri husisitiza. Sentensi hiyo ingeweza kubandikwa kwenye matini yoyote duniani. Sasa linganisha na hii: “Kitenzi ‘alifunga’ kinaanzisha sentensi tatu za maneno mawilimawili, kiasi kwamba msomaji anaamini mhusika anawakimbia watu. Sentensi ya nne inauvunja mpangilio huo kwa urefu wake na kwa maana yake: anayeuchagua upweke kwa hiari hategi sikio mlangoni. Upweke wake basi ni kusubiri kunakojificha nyuma ya kujifungia.”

Tofauti imetokana na mambo matatu. Uchambuzi wa pili umetaja kitu kinachoonekana kwenye karatasi (urefu wa sentensi, mahali pa kitenzi), umesema msomaji anafanywa aamini nini, kisha umeonyesha imani hiyo inavyopinduliwa. Angalia pia kwamba jina la mbinu halijatajwa kabisa. Litaje ukilijua, kwani istilahi huokoa maneno, lakini alama nyingi ziko kwenye kazi inayofanywa na mbinu hiyo mahali hapo.

Hoja kuu hutoka humohumo. “Mwandishi anatumia mbinu mbalimbali kuonyesha upweke” si hoja, ni swali lililogeuzwa kauli. Hoja ni hii: “Ingawa mhusika anaonekana kuuchagua upweke, mpangilio wa sentensi unafichua kwamba anangoja mtu.” Ipime kwa swali moja: je, msomaji makini anaweza kuibishia? Kama hakuna wa kubisha, huna cha kuthibitisha. Neno “ingawa” linasaidia sana hapa, kwa sababu linakulazimisha kutaja mvutano badala ya kutoa orodha.

Mpango wenyewe uwe mistari mitano au sita: hoja kuu, kisha kwa kila aya dai moja na vidondoo viwili (maneno yaliyonukuliwa kutoka kwenye matini) vya maneno machache. Dondoo refu ni adui. Kunakili maneno 30 kunakula dakika mbili hivi ambazo hazikupi wazo hata moja, na mara nyingi unayahitaji matatu tu kati yake. Pachika maneno hayo ndani ya sentensi yako, kama ilivyofanywa juu kwa “alifunga”.

Kwa vitabu vilivyosomwa darasani na visivyoruhusiwa chumbani, andaa vidondoo 8 hadi 10 kwa kila kitabu, na uchague vile vinavyoweza kutumika katika mada zaidi ya moja. Kauli moja ya baba kwa binti yake inaweza kuhudumu kwenye swali la mamlaka, la ukimya, na la vizazi. Ukisahau maneno halisi, eleza tukio kwa usahihi bila alama za kunukuu. Usibuni dondoo kamwe.

Utangulizi usizunguke mbuyu. “Tangu zamani waandishi wamekuwa wakiandika kuhusu jamii” ni sentensi ya kufuta. Taja matini, toa hoja kuu, ingia kazini. Kwenye ushairi, usimchanganye mshairi na nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi. Anayelia ndani ya shairi si lazima awe aliyeliandika.

Kosa linaloangusha insha nyingi kuliko yote ni kusimulia hadithi upya. Huingia polepole, hasa kwenye aya ya pili, mwandishi anapochoka na kushika njia ya “kisha… baadaye… mwishowe”. Aya ikifuata mpangilio wa matukio badala ya mpangilio wa madai, umeshapotea. Irudishe kwa kuanza sentensi inayofuata na “Hili linaonyesha kwamba” kisha, ukipata nafasi, ufute maneno hayo na kubakiza wazo.

Zikibaki dakika 7 na bado uko katikati ya aya, ifunge kwa sentensi moja ya uchambuzi, andika hitimisho la sentensi mbili, na zilizobaki uzitumie kuangalia majina, sentensi zilizokatika na kama kila aya inajibu “jinsi”.

Kuhusu mazoezi, usiandike insha nzima kila siku. Inachosha na inakomaza makosa yaleyale. Siku moja panga tu: matini mpya, dakika 10, hoja kuu na vidondoo, basi. Siku nyingine andika aya moja kwa dakika 10. Insha kamili yenye saa inatosha mara moja kwa wiki. Baada yake chukua kalamu mbili za rangi: moja ipigie mstari kila sentensi inayosema nini kilitokea, nyingine kila inayosema kwa nini kimeandikwa hivyo. Rangi ya kwanza ikizidi, chagua aya mbaya kuliko zote uiandike upya bila saa, kisha uziweke mbili hizo kando kwa kando na utafute sentensi ya kwanza ambapo zinaachana. Hapo ndipo pa kuanzia zoezi la wiki inayofuata.