Siku moja maishani mwangu: fundi wa magari yaliyotembea sana, Mabatini, Mwanza

Saa 12:30 asubuhi

Nafika gereji mapema kwa sababu gari linasema ukweli likiwa bado la baridi. Madereva wangu wa njia ya Sengerema wanalijua hilo, kwa hiyo wananiachia gari jioni nilikute limelala. Nafungua boneti kabla ya kugusa ufunguo. Nachomoa kijiti cha oili, nakifuta, nakirudisha hadi mwisho, nachomoa tena ndipo nakisoma. Halafu nafungua mfuniko wa rejeta, kitu ambacho huwezi kukifanya injini ikiwa ya moto, na nachungulia. Maji yenye rangi ya kutu naandika kwenye daftari. Nikiona mafuta yanaelea, nampigia simu mwenye gari hapo hapo, maana huenda gasketi ya silinda hedi inapitisha.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kazi hii ya asubuhi imeongezeka. Zamani dereva alikuwa anakaa foleni ya kivuko, injini imezimwa, anakula muwa. Sasa anazipita zile kilomita 3 za daraja bila kusimama, anaongeza tripu, na namba ya kwenye dashibodi inakimbia. Mtu aliyezoea kumwaga oili kila baada ya miezi mitatu anajikuta kilomita 5,000 zimeshapita mwezi wa pili haujaisha. Nawaomba wote wafuate namba, mwezi wauache.

Saa 2 asubuhi

"Mwangaluka, kaka."

Ni kijana mwenye Probox inayotetemeka ikisimama, taa ya injini inawaka. Alikopita ameambiwa injini imekufa, atafute ya mtumba, milioni moja na ushee bila ufundi. Dashibodi inasoma kilomita 318,000, kwa hiyo alivyoambiwa aliamini na usiku hakulala.

Namba hiyo peke yake hainitishi. Injini ya Probox hii ni 1NZ-FE, cc 1500, ya cheni na siyo ya belti ya taimingi. Cheni ikipata oili safi kwa wakati hudumu miaka mingi. Nachomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, kinatoa P0301. Maana yake silinda ya kwanza haichomi inavyotakiwa, basi. Kifaa hakisemi kwa nini. Inaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi umeme, nozeli inayopuliza petroli, au kweli kompresheni, yaani mbano wa ndani ya silinda, imeshuka. Hapa ndipo pesa ya mwenye gari inapoliwa: fundi anaagiza plagi nne, koili nne, anaosha nozeli zote, kimojawapo kinatibu na mteja analipa vyote.

Nachukua spana namba 10, nafungua bolti moja, navuta koili ya silinda ya kwanza na kuipeleka ya pili. Ile ya pili naileta ya kwanza. Nafuta ile kodi ya P0301 kwenye kompyuta ya gari, nawasha, naiacha ingurume. Haikupita muda taa ikarudi, na safari hii kifaa kikasoma P0302. Ubovu umehama pamoja na koili. Mpaka hapo mteja hajatoa hata shilingi, na tayari tunajua mgonjwa ni nani.

Kwa kuwa koili ziko nje, nachomoa na plagi. Tatu ni kavu, zina kahawia iliyopauka. Ya silinda ya kwanza ina masizi na inanuka petroli, ndivyo inavyokuwa mahali pasipochoma. Hakuna hata moja iliyolowa oili, na hilo ndilo nililotaka kumwonyesha kijana kwa macho yake: ringi zake, zinazozuia oili isipande kwenye silinda, bado zinafanya kazi. Napima kompresheni kumaliza ubishi, silinda zote nne zinasoma karibu sawa. Plagi zenyewe mwanya wake unatakiwa milimita 1.1, hizi zimekula zaidi ya hapo, kwa hiyo tunabadilisha zote nne. Koili tunabadilisha moja. Tunachukua ya asili iliyotumika, shilingi 40,000, lakini tunaifunga na kuijaribu kabla ya mwenye duka kushika hela.

"Ndiyo hiyo tu, kaka?"

"Ndiyo hiyo. Ile koili mbovu ichukue, iweke kwenye buti."

Kila spea ninayoitoa namrudishia mwenyewe. Ni yake, aliinunua. Na akitaka kwenda kuuliza kwa fundi mwingine kama kweli ilikuwa mbovu, ana kitu cha kuonyesha.

Saa 4 asubuhi

Chai na chapati mbili, nimesimama.

Dogo ninayemfundisha anamwaga oili kwenye Probox nyingine. Ana hamu ya kumimina galoni yote ya lita 4, maana mteja ameileta nzima. Namsimamisha. Injini hii pamoja na filta mpya inachukua lita 3.7, oili ikizidi nayo inaleta matatizo yake. Kile kinachobaki tunakifunga na kumpa mwenye gari awe anajazia. Akirudi kilomita 5,000 zijazo nitamuuliza amejazia kiasi gani, na jibu lake litanieleza hali ya injini kabla sijashika spana.

Oili chafu tunaihifadhi kwenye pipa. Mto Mirongo unapita hapa hapa Mabatini na unaingia ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa. Dogo akimwaga hata kikombe kwenye mtaro, siku hiyo tunagombana.

Saa 6 mchana

Teksi imechemsha ikipandisha kilima cha Bugando ikiwa na abiria wanne. Dereva anataka nitoe themostati "gari lipumue". Ombi hili nalipata mara nyingi, na nalikataa. Themostati ni kilango kinachoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, na ya gari kama hili hufunguka nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto wake, kompyuta inaendelea kumimina petroli ya gari la baridi, na oili haiondoi unyevu wake. Mwezi ukiisha dereva analalamika gari linakula mafuta, kumbe alilipia mwenyewe.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu ambalo nadhani kila mwenye gari Mwanza angepaswa kulijua. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Kwenye kimo hiki maji ya wazi yanachemka nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kinachoizuia injini isichemshe ni mfuniko wa rejeta, unaobana presha ndani na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Raba ya mfuniko ikikakamaa au springi ikilegea, presha inatoroka, na mlima wowote unatosha kukuaibisha mbele ya abiria.

Mfuniko wa teksi hii raba yake imepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Ndani kuna maji ya kisima matupu, yameacha magadi kwenye njia za rejeta. Tunasafisha rejeta, tunaweka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), mfuniko mpya wa kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye ule wa zamani, na themostati inabaki mahali pake. Nampandisha dereva kile kile kilima, mimi nimekaa pembeni nikisoma joto kwenye kifaa. Linapanda, linatulia.

Saa 8 mchana

Probox ya kubeba sangara. Miguu iko sawa, injini iko sawa, lakini sakafu ya nyuma inaliwa na kutu kwa sababu ya barafu inayoyeyuka na kukaa chini ya kapeti. Kapeti limetoka, matundu ya kutolea maji yamezibuliwa. Nimemwambia aoshe kila jioni.

Saa 9:30 alasiri

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tuamue, niliuze au tulitengeneze?"

IST yake imezidi kilomita 290,000 na nimekuwa nayo muda mrefu. Naipiga jeki, nashika tairi juu na chini, natikisa, halafu kushoto na kulia. Boljoint ya kulia, kiungo kinachoshika mguu wa tairi, inacheza. Namwita aje aishike mwenyewe asikie. Paipu za breki za raba zimeanza kupasuka zikikunjwa. Wota pampu ina alama ya kulanti iliyokauka, feni belti imechoka. Gasketi ya juu ya injini inatoka jasho la oili, haidondoshi.

Nikimpa orodha hiyo yote kama bili moja, gari linauzwa leo. Lakini ubovu hauna uzito mmoja. Boljoint na paipu za breki ni roho ya mtu, gari haliondoki hapa bila hivyo, na vyote vinakuwa vipya. Taa, mlango, hata alteneta nitamtafutia ya mtumba bila wasiwasi, ila breki na raba za mtumba sifungi. Wota pampu inaweza kungoja wiki chache akiwa anaangalia kikopo cha kulanti kila asubuhi. Belti lazima itoke ndipo pampu itoke, kwa hiyo vinafanyika pamoja, ufundi unalipwa mara moja. Ile gasketi tunaitazama tu.

Kuhusu kuuza, namfungulia daftari. Kila sevisi imo, na kilomita zake. Gari atakalonunua badala ya hili litakuwa mtumba vilevile, ila la kwake tunalijua lilimwagwa oili lini na lilibadilishwa nini, na lile jipya tutaanza kulikisia. Kwa bei anayoweza kulipa, sioni atakachopata kilicho bora kuliko anachokiendesha.

Amesoma kurasa zile kwa utulivu, akaniuliza maswali mawili ya paipu za breki, akakubali.

Saa 12 jioni

Boljoint imeingia, paipu zimefungwa, tumetoa hewa kwenye breki na nimeijaribu kwenye mteremko. Mwalimu amepanga wota pampu na belti mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka. Nitaanza kuzitafuta wiki hii, nisije nikalazimika siku hiyo kuchukua chochote kilichopo dukani.