Ufuo ni wa sote, njia ndizo haba

Jumapili ya mwisho wa mwezi, pale Jomo Kenyatta Public Beach ya Bamburi, Mombasa, ambayo sote twaiita Pirates, hupati hata pa kutandika leso. Matatu zashusha watu barabarani, sufuria ya pilau imefungwa kwa kitambaa, watoto washavua viatu kabla hawajauona mchanga. Ngamia wapita, wapiga picha wasaka wateja, tyubu za matairi zakodishwa. Napapenda mno. Wengi wetu hapo ndipo tuliposhikwa mkono tukaingizwa majini mara ya kwanza.

Lakini leo ilikuwa bamvua, siku za bahari kujaa sana, na maji yalianza kujaa watu wangali wengi. Kila wimbi lilipanda hatua moja zaidi. Mama mmoja karibu yangu aliinua kikapu, akakisogeza. Baada ya muda mfupi akakiinua tena. "Njoo huku juu, mwanangu, maji yaja." Mwishowe alisimama na wanawe, migongo imegusa ukuta wa kiwanja cha watu, kikapu kichwani, povu likiwafika vifundoni. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Nimekuwa nikiliwazia jambo hilo jioni nzima. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa inaishikilia kwa niaba ya Wakenya. Maana yake, mchanga ule ni wa mama yule kama ulivyo wa mwenye hoteli. Ila ni ardhi ya ajabu: bahari huifunika mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda yakapita pale yanapoishia siku za maji mafu. Kuta nazo zimejengwa karibu mno na maji. Yakijaa, haki yetu iko chini ya bahari.

Kuna na jambo la njia. Tembea barabara ya kutoka Nyali hadi Shanzu uone: geti, ukuta, geti, ukuta. Bahari iko hapo nyuma, waisikia, huioni. Vichochoro vya kushukia vipo, lakini vingine ni vyembamba, havina kibao, na mgeni hawezi kujua kama aruhusiwa kupita. Mwenye kiti cha magurudumu ndiye hata asijaribu. Ndiyo maana sote twasongamana Pirates. Watu husema Wamombasa wanapenda msongamano, mimi sikubali. Twaenda pale mlango ulipo wazi.

Bustani ya Mama Ngina, kisiwani Mombasa kando ya bahari, ni kinyume chake. Hakuna mchanga wa kuogelea, ni majabali na mibuyu mikongwe, lakini hakuna ukuta kati ya mji na bahari. Eneo lilipofanyiwa ukarabati, na sherehe za Mashujaa zikaadhimishwa pale Oktoba 2019, niliogopa litafungiwa watu wa kawaida. Jioni bado waketi wazee, wachumba, watoto wakizipungia mkono meli zinazoingia Kilindini, zapita karibu mpaka wawaona mabaharia. Wakila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, hakuna wa kuwauliza wamekuja kufanya nini.

Ninachotaka kwa ufuo wa kaskazini si bustani mpya. Nataka kila njia ya umma ipimwe, iwekwe kibao barabarani, taa, na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu na machela ya mtu aliyeokolewa majini. Na zichorwe kwenye ramani ambayo mwananchi yeyote aweza kuiona, kabla kiwanja kingine hakijazungushiwa ukuta.