Rais, simu na chumba kimoja

Wana-Dodoma mnaoandika filamu ya kiongozi na bomu la nyuklia kwa bajeti ya kuungaunga, achaneni na milipuko ya kompyuta. Ubandia wake unaonekana hata kwenye kioo cha simu. Mwaka 1964, mwongozaji Sidney Lumet alipotengeneza filamu ya Fail Safe, jeshi la anga la Marekani lilikataa kumsaidia. Akambana Henry Fonda, aliyeigiza rais, kwenye chumba kidogo chenye mkalimani na simu. Basi! Na bado jasho linakutoka.

Shikeni saa. Kombora la masafa marefu huchukua kama dakika 30 kuvuka bara hadi bara, kwa hiyo rais akihutubia dakika kumi mmeshaharibu. Ile simu nyekundu ya marais tunayoiona kwenye filamu nayo ni porojo: laini ya Washington na Moscow ya 1963 ilikuwa ya mashine za kuchapa maandishi.

Urani, madini ya kutengenezea bomu, ipo Bahi hapa Dodoma, sawa, ila msiichimbe leo mkapata bomu kesho. Ya asili ina U-235, ile aina ya urani inayofaa kwa bomu, asilimia 0.7 tu; ya bomu hufika kama 90.

Kinachoua filamu nyingi ni sauti. Bati likipigwa na jua la mchana hutanuka na kulia ta! ta! katikati ya maneno. Rekodini usiku, zimeni feni na friji, tundikeni mablanketi mazito kwenye kuta mbili zinazotazamana ili mwangwi ufe. Maiki ikae nje kidogo ya fremu, sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni. Sare za jeshi msiguse, raia haruhusiwi. Mkuu wa majeshi mvalisheni suti, tena inayomtosha.