Seva ya barua, siku ya 11: mchawi nimempata, ni herufi R

Imefika. Saa sita na robo usiku, barua pepe niliyoiandika kwa mkono, mstari kwa mstari ndani ya terminali, imepita kwenye seva yangu kwa TLS (usimbaji unaoficha mazungumzo njiani) na kuingia kwenye sanduku la kaka. Nimempigia simu akiwa usingizini ili anithibitishie. "Imefika, mdogo wangu. Nenda kalale."

Silali kwanza. Siku kumi na moja nimemsaka mchawi kijiji kizima, kumbe kajificha ndani ya tochi niliyokuwa nikimulikia. Naandika sasa hivi kabla hasira na furaha hazijapoa.

Kwa ufupi hali ilivyo: Debian 12 (mfumo wa Linux) kwenye seva ya kukodi iliyoko Ujerumani, Dovecot ya kupokelea ambayo ina karibu miezi mitatu, na Postfix ya kutuma ambayo ndiyo kwanza naifungulia watumiaji kwenye poti 587 kwa STARTTLS (mazungumzo yanaanza wazi, kisha yanasimbwa) na 465 kwa TLS ya moja kwa moja. Watumiaji ni wanne, wote wa nyumbani, pamoja na karakana ya useremala ya kaka anayetaka ankara zake zitoke kwa jina la karakana. Cheti cha TLS, yaani kitambulisho cha seva, ni cha Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure.

Tatizo la kwanza lilikuwa la dakika tano. s_client, chombo cha OpenSSL cha kujaribia TLS kutoka terminali, ilinipa `Verify return code: 21 (unable to verify the first certificate)`, na anayeifahamu namba hiyo anajua pa kuangalia: nilikuwa nimeielekeza Postfix kwenye `cert.pem` badala ya `fullchain.pem`, hivyo seva ilitoa cheti chake peke yake bila kile cha kati kinachokiunganisha na mzizi. Nikabadilisha, nikapakia upya, ikaja `0 (ok)`. Basi.

Kisha nikaanza jaribio ambalo kwangu ni la lazima kabla sijampa mtu yeyote akaunti: kuzungumza na seva mwenyewe, bila programu yoyote ya barua katikati.

```
openssl s_client -starttls smtp -connect $SEVA:587 -crlf
```

EHLO (salamu ya kuanzia), sawa. AUTH PLAIN (kujitambulisha kwa jina na nywila) na ule mfuatano mrefu wa base64 (njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida), `235 2.7.0 Authentication successful`. MAIL FROM (mtumaji), `250 2.1.0 Ok`. Halafu naandika RCPT TO (mpokeaji) na anwani ya kaka, nabonyeza Enter, na badala ya 250 linakuja neno moja:

```
RENEGOTIATING
```

Chini yake mstari wa kosa wenye maneno `wrong ssl version`, na mazungumzo yamekwisha. Narudia, vilevile. Nabadilisha anwani ya mpokeaji, vilevile. Kila mara inakufa palepale kwenye RCPT, na logi ya Postfix inasema `lost connection after MAIL`.

Ukisoma `wrong ssl version` utawaza nini? Mimi niliwaza matoleo ya TLS. Nikalazimisha toleo la chini kwa `-tls1_2`, na kosa likabadilika kuwa `no renegotiation`. Hapo ndipo nilipopotea njia kabisa, maana kosa lililobadilika sura lilinifanya niamini kwamba niko karibu. Nikashinda siku tatu kwenye mipangilio ya Postfix: nikazima TLS 1.3, nikairudisha, nikachezea orodha ya njia za usimbaji, nikatengeneza ufunguo mpya, nikaomba cheti kingine. Nikajaribu kutoka kompyuta nyingine. Nikajaribu kutoka kwenye simu kwa Termux, kwa bando la data badala ya Wi-Fi ya nyumbani. Kote inakufa kwenye RCPT, na kila kifaa kilichoshindwa kilizidi kunihakikishia kuwa ubaya uko kwenye seva. Nilikuwa nimebadilisha kompyuta na mtandao, lakini chombo cha kupimia kilikuwa kilekile kote.

Siku ya nne Thunderbird, programu ya kawaida ya barua, ilituma barua bila shida yoyote. Ningeweza kuishia hapo, na kaka aliniambia niishie hapo. Sikukubali. Seva ambayo jaribio lake la msingi linafeli kwa sababu nisiyoijua siwezi kumkabidhi mtu anayetegemea ankara zake zifike.

Ndipo likaja la pili, ambalo nilidhani halihusiani kabisa. Akaunti ya karakana nilikuwa naijaribu kwa AUTH LOGIN badala ya AUTH PLAIN, kwa kuwa ile mashine ya kaka ya kuchapisha na kuskani haijui njia nyingine. Seva inauliza jina kwa `334 VXNlcm5hbWU6`, najibu. Inauliza nywila kwa `334 UGFzc3dvcmQ6`, nabandika base64 ya nywila, nabonyeza Enter:

```
DONE
```

Nimerudishwa nje. Hakuna 535 ya kusema nywila si sahihi, hakuna kosa lolote. Kwenye logi, `lost connection after AUTH`. Nikaishuku fail2ban (inayowafungia wanaokosea nywila), nikaizima kwa saa nzima. Wapi. Nikashuku mawasiliano kati ya Postfix na Dovecot, nikawasha logi za kina kote kuwili na kusoma kurasa kwa kurasa. Dovecot haikuwa na habari ya nywila yoyote iliyoletwa. Kwa kukata tamaa nikabadilisha nywila ya karakana jana usiku, nikaweka nyingine ndefu zaidi. Nikajaribu tena, nikabandika, Enter:

```
RENEGOTIATING
```

Nikasimama. Neno lilelile, lakini safari hii kwenye nywila, na RCPT hata sijaifikia. Na nywila ya zamani ilikuwa ikitoa DONE. Kwa hiyo tabia inategemea *nilichoandika*. Nikaviweka vitu viwili kando kwa kando kwenye karatasi: RCPT, na base64 ya nywila mpya. Ya nywila siionyeshi hapa, lakini ilianza kama vile neno Dodoma linavyoanza likiwekwa kwenye base64: `RG9kb21h`.

R. Na R.

Nikafungua mwongozo wa s_client, sehemu ya amri za ndani, ambayo miaka yote nimeiruka. Imeandikwa waziwazi: ukiwa ndani ya mazungumzo, mstari unaoanza na herufi kubwa Q unafunga muunganisho na kutoka, na unaoanza na herufi kubwa R unaomba makubaliano ya usimbaji yafanywe upya, jambo linalowezekana kwa TLS 1.2 kurudi nyuma tu. Mstari wenyewe hautumwi. Unaliwa.

Kila kitu kikajipanga. RCPT yangu haikuwahi kufika Ujerumani hata mara moja, ndiyo maana logi siku zote ilisema muunganisho umekatika baada ya MAIL. `wrong ssl version` ilikuwa s_client yenyewe ikisema kwamba TLS 1.3 haina kitu kinachoitwa kurudia makubaliano. Na `no renegotiation` kwenye TLS 1.2 ilikuwa ni seva inakataa, kwa sababu OpenSSL kuanzia 3.0 haimruhusu mteja aanzishe jambo hilo isipokuwa uiruhusu wewe. Seva yangu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tangu siku ya kwanza.

Suala la nywila linahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu ushauri unaozunguka ni kwamba uandike `rcpt to` kwa herufi ndogo na mambo yameisha. Kwa RCPT ni kweli, SMTP, yaani lugha ya seva za barua, haijali ukubwa wa herufi kwenye amri. Lakini base64 huwezi kuiandika kwa herufi ndogo, itakuwa nywila nyingine. Nimekaa na kalamu nikahesabu. Herufi A kwenye ASCII, jedwali la namba za herufi, ni 65. Base64 inachukua biti sita za mwanzo, yaani unagawanya kwa 4 na kuacha baki: 16. Hesabu alfabeti ya base64 kuanzia sifuri, ya 16 ni Q. B ni 66 na C ni 67, nazo zinaangukia 16. D, E, F na G ni 68 hadi 71, zote zinaangukia 17, ambayo ni R.

Yaani nywila yoyote inayoanza na A, B au C kubwa itakufukuza kwenye s_client, na inayoanza na D, E, F au G itakuletea RENEGOTIATING. Jaribu mwenyewe: Amani inakuwa `QW1hbmk=`, Baraka inakuwa `QmFyYWth`. Na watu wengi tunaolazimishwa kuweka herufi kubwa kwenye nywila tunaiweka wapi? Mwanzoni. AUTH PLAIN iliponea kwa sababu mstari mzima unaanza na neno AUTH, na hata base64 yake inaanza na A kwa kuwa baiti ya kwanza ni sifuri.

Dawa ni neno moja:

```
openssl s_client -starttls smtp -connect $SEVA:587 -crlf -quiet
```

`-quiet` inazima maelezo ya vyeti, na pamoja nayo inazima hizo herufi za amri. Ukitaka kuendelea kuyaona maelezo ya vyeti tumia `-nocommands`. Utamu mwingine: sasa hata QUIT inafika kweli kwenye seva na unajibiwa `221 2.0.0 Bye`. Kabla ya hapo kila QUIT yangu ilikuwa inaliwa na Q, na mimi nikidhani tumeagana.

`-crlf` usiiache: ndiyo inayomalizia kila mstari kwa alama mbili, CR na LF, kama SMTP inavyotaka. Tangu ule udhaifu wa kupenyeza barua ndani ya barua ulipotangazwa Desemba 2023, seva zimekuwa kali kuhusu miisho ya mistari, na ile nukta ya kufunga DATA (mwili wa barua) inaweza isitambuliwe kama umetuma LF peke yake.

Kuhusu vyombo vingine, maana najua nitaulizwa. swaks ni nzuri sana kwa kutuma barua ya majaribio, na kama ningeitumia siku ya kwanza ningelala mapema. Lakini inazungumza kwa niaba yako, na mimi nataka kuzungumza mwenyewe. gnutls-cli na `--starttls-proto=smtp` haina mtego wa herufi, na kwa kulinganisha ni muhimu mno, kwa sababu imejengwa juu ya maktaba tofauti: vikishindwa vyote viwili mahali pamoja, hapo ndipo uishuku seva. Hilo ndilo jaribio nililopaswa kulifanya badala ya kubadilisha kompyuta. testssl.sh naipenda kwa ukaguzi wa jumla, ila si ya kukaa nayo ukitafuta kosa moja. s_client siiachi. Inaonyesha kila kitu, na sasa namjua hadi tabia zake mbaya.

Mpango wa usiku huu ulikuwa kumalizia na DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua). Sijaigusa. Nilipokuwa nimefungua mwongozo nikakutana na `-checkend` ya `openssl x509`, inayokagua kama cheti kinakaribia kuisha muda, na wazo likanishika. Let's Encrypt waliacha kutuma barua za kukumbusha kwamba cheti kinaisha tarehe 4 Juni 2025, vyeti vyao ni vya siku 90, na kwa kanuni zilizopitishwa na CA/Browser Forum (baraza la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari) umri wa juu wa cheti chochote cha umma utashuka hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Mtu wa seva ndogo anahitaji mlinzi wake mwenyewe, na mlinzi huyo akague kile seva *inachotoa* mlangoni. Faili lililoko kwenye diski linaweza kuwa jipya huku huduma imeshikilia la zamani.

```
for p in 465 993; do
  openssl s_client -connect $SEVA:$p -servername $SEVA </dev/null 2>/dev/null \
  | openssl x509 -noout -checkend 1209600 || tuma_telegram "$SEVA:$p cheti!"
done
```

Sekunde 1209600 ni siku 14. `</dev/null` ni ili s_client isikae ikisubiri uandike. Na kama seva imezimika kabisa, x509 inakosa cha kusoma, inashindwa, nawe unapata taarifa hiyohiyo. `tuma_telegram` ni curl ya mstari mmoja. Nimechagua Telegram kwa sababu seva ya barua ikifa haitaweza kukuandikia barua kwamba imekufa.

Nimeiendesha mara ya kwanza nikitegemea kimya. Simu ikalia: 993. Dovecot! Certbot ilishahuisha cheti siku nyingi, faili jipya lipo, lakini Dovecot haijapakiwa upya tangu nilipoisimika, na ilikuwa imebakiza siku tisa ionyeshe familia nzima cheti kilichokwisha muda. Nimeweka faili la mistari miwili ndani ya `/etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/`, lenye `systemctl reload dovecot`, nimelipa ruhusa ya kuendeshwa, nimepakia upya kwa mkono kwa leo. 993 sasa inatoa cheti kipya, na mlinzi kanyamaza kwenye poti zote mbili.

Saa nane kasorobo. DKIM kesho, nikitoka kazini.