Hesabu ya Mayu

Nilipotuma maombi ya kuhamia Kanada kama mfanyakazi mwenye ujuzi, mwaka 2004, mama yangu alikuwa bado anakwenda shamba Itetemia kwa miguu na kurudi jua halijawa kali. Mimi nilikuwa mpima ardhi, nimeanzia Chuo cha Ardhi Tabora na kumalizia shahada Dar es Salaam. Utaratibu wa alama haukuwa mgumu kuuelewa: elimu, lugha, uzoefu wa kazi, umri na kadhalika, wakati huo ukifikisha 67 kati ya 100, ulikuwa unapita. Nikajumlisha zangu, zikatosha. Nikatuma, nikangoja.

Miaka ya kungoja ina machache ya kusimulia. Faili liko kwenye foleni, ndilo jibu nililopewa kila nilipoandika. Cheti cha polisi kikapitwa na wakati, nikaombwa kingine. Lililoniumiza ni maisha ya mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nilikataa kiwanja kizuri Cheyo kwa kudhani sitakuwepo. Nilichukua mikataba mifupi ya kupima mashamba ya tumbaku huko Urambo na Kaliua, kwa sababu nani aombe kazi ya kudumu wakati barua inaweza kuja kesho? Mwanzoni mwa 2009 mama akapata kiharusi. Mwishoni mwa mwaka huohuo nikaitwa Dar es Salaam kupimwa afya na daktari waliyemteua wao.

Viza ilipotoka ilikuwa na ukomo, na ukomo huo ulifuata kipimo cha afya, ambacho kinadumu miezi 12 tu. Waliokaa na karatasi zangu miaka hawakuwa wamefungwa na tarehe yoyote. Sasa tarehe zote zikawa zangu. Nikatua Mei 2010, nikapigiwa muhuri, nikasubiri kadi ya ukaazi ifike kwa posta. Kabla sijapata kazi ya maana, dada akapiga simu: mama ameanguka tena, safari hii mkono wa kulia umelala kabisa. Nikarudi Tabora.

Ninayotaka kuyaeleza yalitokea Jumapili moja ya Novemba 2012. Mvua zilikuwa zimeshaanza, maembe yamejaa hadi mbuzi wameyachoka. Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Urambo, dada kutoka Nzega. Aliyewaita ni mama mwenyewe. Sisi sote tunamwita Mayu. Alikuwa amenisikia usiku nikizungumza kwa simu na rafiki niliyesoma naye chuoni. Rafiki huyo alituma maombi yake 2007. Mwaka huo wa 2012 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kufuta maombi ya wafanyakazi wenye ujuzi yaliyopokelewa kabla ya tarehe 27 Februari 2008 na ambayo yalikuwa hayajaamuliwa. Watu wapatao 280,000, waombaji na familia zao, wakaambiwa watarudishiwa ada yao. Miaka mitano ya ujana wake ikaishia kwenye hundi. Mayu alisikia sauti yangu ilivyobadilika, na asubuhi akataka aelezwe kila kitu.

Mama alifundisha hesabu shule ya msingi tangu kabla mimi sijazaliwa hadi alipostaafu. Kiharusi kilimchukua mkono na kumfanya maneno yawe mazito, lakini kwenye hesabu hakikugusa kitu. Akaketi barazani, akamwita binti wa dada, aliyekuwa darasa la sita, aje na daftari na kalamu.

"Baba, nieleze. Wanataka nini kwako?"

Nikamwambia. Mkaazi wa kudumu anatakiwa awe ndani ya Kanada siku 730 katika kila miaka mitano. Si lazima ziwe mfululizo. Ukikaa nje hadi zilizobaki zisiweze kutosha, ofisa anaweza kuamua kwamba umevunja sharti, nawe una siku 60 za kukata rufaa.

"Miaka mitano ni siku ngapi?" akauliza.

Kaka akawahi: "1,825, Mayu."

"2012 ni mwaka mrefu. 1,826. Andika, mjukuu wangu. Toa 730."

Binti akatoa, akapata 1,096. Ndizo siku ambazo mtu anaweza kukaa nje, nazo ni miaka mitatu. Mayu akaniuliza nilitua lini na niliondoka lini, tarehe kwa tarehe. Akauliza kama siku niliyofika usiku inahesabiwa. Nikasema inahesabiwa, hata sehemu ya siku ni siku. "Hapo wametenda haki," akasema.

Dada akauliza kama hakuna msamaha. Ipo misamaha. Ningekuwa nimeoa raia wa Kanada tukawa tunaishi wote huku, siku zangu zingehesabiwa. Ningekuwa nimeajiriwa na kampuni ya Kanada ikanituma kazini nje, zingehesabiwa. Mtoto anayemuuguza mzazi hayumo kwenye orodha hiyo. Anaweza kujieleza mbele ya ofisa kwa misingi ya utu, na ofisa akaamua atakavyoona.

"Na ile miaka sita waliyokungojesha wao," Mayu akauliza, "inaingia wapi kwenye hesabu hii?"

"Haiingii popote, Mayu."

Akanyamaza. Binti akabaki na kalamu hewani, akidhani kuna tarakimu nyingine inakuja. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa nyingi za sheria ile na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, nami sikuwahi kuliuliza. Hadi leo naamini ndilo swali lenyewe. Faili langu lingejibiwa kwa mwaka mmoja, ningetimiza siku zangu mama akiwa bado anapanda karanga. Si ugonjwa uliogongana na sheria. Ucheleweshaji wao ndio uliovikutanisha.

Kaka akasema kadi na iende, mtoto wa kiume hamwachi mama kitandani kwa ajili ya plastiki. Alisema kwa uchungu, na sikumlaumu, kwa sababu usiku nilikuwa nikijiambia hivyohivyo. Dada akamjibu kwamba dawa za presha na mtaalamu wa mazoezi ya viungo vinalipwa kwa pesa, na mikataba ya kupima mashamba haileti pesa ya kila mwezi. Walibishana hadi chai ikapoa. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yalikuwa mezani, hakuna aliyegusa.

Mayu akagonga kiti kwa mkono wa kushoto. Akamwambia mjukuu ahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho tuliyoipata, atoe siku za kutafuta nauli, kisha atoe mwezi mmoja mzima. Tukauliza mwezi huo ni wa nini.

"Wa kuugua kwake mwenyewe. Kwani yeye haugui?"

Ikatoka Machi 2013. Akaniambia nitaondoka Machi, na hadi hapo nimfundishe huyu mtoto kumsimamisha asubuhi bila kumuumiza bega. Kaka akapangiwa kulipia mazoezi. Hakupenda, lakini hakukosa kulipa hata mwezi mmoja, nami namshukuru.

Nikaondoka Machi, nikapata kazi kwenye timu ya upimaji Edmonton. Mwaka 2015 nilijaza fomu ya kuomba kadi mpya. Ina jedwali la kuorodhesha kila kipindi ulichokaa nje pamoja na sababu. Nikaandika: kumuuguza mama, Tabora. Siku zilikuwa zimetosha, sababu ile haikuhitajika kunitetea, ila nilitaka iwepo kwenye faili lao.

Kadi ilipokuja nikampigia Mayu. Hakunipongeza kwanza. Aliuliza zilizozidi juu ya 730 ni ngapi, nikamtajia, nikasikia akimwagiza binti aandike. Kisha akasema hizo ni zake, nije nizitumie nyumbani. Wiki hiyohiyo nikamwomba msimamizi wangu likizo ya Desemba.